Wadudu Wawili kwenye Karatasi, Mtoto Hajitambui: Malaria Kali Inavyofanya Kazi

Karatasi ya maabara inasema wadudu wawili. Mama anashusha pumzi, maana mtoto wa jirani juzi alikutwa na wadudu arobaini na sasa yuko nje anacheza. Usiku haujaisha, huyu mwenye wawili anakoroma, macho yamegeuka juu, haitiki akiitwa. Kwenye wodi za watoto za Dodoma, msimu wa mvua unapokatika, jambo hili hujitokeza, na kila likitokea lawama hutafuta pa kutua: maabara imekosea, dawa ni feki, mtoto amerogwa. Mara nyingi maabara haikukosea chochote. Namba ilikuwa sahihi, ila iliwahesabu wadudu wanaotembea, na wanaoua ni wale waliosimama.

Kwanza tuielewe namba yenyewe. Mtaalamu wa maabara akiweka slaidi chini ya hadubini huhesabu vimelea sambamba na chembe nyeupe za damu, mpaka afikishe chembe nyeupe 200. Kwa makadirio ya chembe nyeupe 8,000 kwenye maikrolita moja ya damu, kila kimelea alichohesabu huzidishwa kwa 40. Kwa hiyo wadudu wawili ni vimelea 80 katika maikrolita moja. Mtoto wa kilo 10 ana damu kama mililita 800, yaani maikrolita 800,000. Zidisha: vimelea milioni 64. Hao ndio "wawili" wa kwenye karatasi. Na hata hao milioni 64 ni wale tu waliokuwa wakizunguka kwenye damu dakika ile kidole kilipochomwa.

Siku za kimya, kisha mara kumi kila baada ya siku mbili

Malaria kali ya watoto wetu karibu yote husababishwa na kimelea kimoja, Plasmodium falciparum. Mbu jike wa Anofelesi anapouma humwaga vimelea vichache, mara nyingi makumi tu, na ndani ya saa moja hivi vinakuwa vimeshaingia kwenye ini. Huko vinakaa kama siku 6 au 7 bila homa, bila dalili, bila kipimo chochote cha zahanati kuviona. Lakini kila seli ya ini iliyovamiwa inakuwa kiwanda: ikipasuka inaweza kutoa vimelea 30,000 au zaidi.

Tuchukue mtoto yuleyule wa kilo 10, na tuseme seli tano tu za ini zimepasuka siku ya 7. Vimelea 150,000 vimeingia kwenye maikrolita 800,000 za damu. Hicho ni kimoja katika kila maikrolita tano, hakionekani kwa hadubini wala kwa kipimo cha haraka cha mRDT. Kila kimelea kinaingia ndani ya chembe nyekundu, kinakula himoglobini (protini nyekundu inayobeba hewa), kinajigawa, na baada ya saa 48 chembe inapasuka na kutoa vimelea vipya, mara nyingi 16 au zaidi. Si vyote hufanikiwa kuvamia chembe nyingine. Kwa mtoto asiye na kinga, ongezeko la mara 10 kwa kila saa 48 ni makadirio ya kawaida.

Siku ya 9 ana vimelea 2 kwa maikrolita. Siku ya 11, 20. Siku ya 13, 200, na hapo ndipo homa inapoanza na mRDT inapoweza kuonyesha mstari wa pili. Siku ya 15, 2,000. Siku ya 17, 20,000. Siku ya 19, 200,000, maana yake karibu chembe moja katika kila ishirini na tano imevamiwa. Hesabu hii ni ya kwenye daftari; mwilini homa yenyewe na kinga ya awali hupunguza kasi, na hakuna mtoto anayefuata mstari ulionyooka namna hii. Lakini inaonyesha bei ya kusubiri. Aliyeanza homa siku ya 13, akapewa panado siku mbili "tuone kwanza", halafu siku mbili nyingine dawa za kubahatisha kutoka duka la dawa, anafika zahanati akiwa na mara 100 ya vimelea alivyokuwa navyo homa ilipoanza. Panado ilishusha joto tu. Kizazi kipya cha vimelea kiliendelea kutoka kila baada ya siku mbili kama kawaida.

Kwa nini vinajificha

Kimelea kina tatizo moja kubwa, nalo ni bandama. Bandama huchuja damu kwa kuzipitisha chembe nyekundu kwenye nafasi nyembamba kuliko chembe zenyewe. Chembe nzima inajikunja na kupita. Iliyobeba kimelea kilichokomaa ni ngumu, haijikunji, inakwama na kumezwa. Plasmodium falciparum ilishapata dawa ya hilo: ikifika katikati ya mzunguko wake wa saa 48, inatoa protini iitwayo PfEMP1 hadi juu ya ngozi ya chembe nyekundu na kuifanya iote vinundu vidogo. Kwa vinundu hivyo chembe inajishika kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo kama kishona nguo kwenye kanga, na haifiki tena kwenye bandama. Inabaki hapo hadi saa ya kupasuka.

Sasa rudi kwenye karatasi. Tone la damu la kidoleni linabeba vimelea vichanga, vya nusu ya kwanza ya mzunguko. Vilivyokomaa vimenata kwenye mishipa ya utumbo, mapafu, figo, moyo, ubongo. Kwa mtoto ambaye vimelea vyake vingi ni vya rika moja, kuna saa ambapo karibu vyote vimenata, na slaidi ikichukuliwa saa hizo husoma wawili, au husoma hakuna kabisa. Slaidi ya saa 12 baadaye, chembe zikishapasuka na vichanga kumwagika, inaweza kusoma mamia. Ndiyo maana mtoto mwenye dalili za hatari ambaye kipimo cha kwanza kimetoka safi hurudiwa kipimo kila baada ya saa 6 hadi 12, na haachiwi kurudi nyumbani kwa sababu ya karatasi. Mtaalamu mzuri wa maabara hatoi idadi peke yake. Akiona vimelea vingi vina chembechembe nyeusi za mabaki ya himoglobini, au chembe nyeupe nyingi zimemeza weusi huo, anajua kuna jeshi kubwa lililokomaa mahali asipopaona, na anapaswa kuliandika.

PfEMP1 si protini moja. Kimelea kina jeni kama 60 za kuitengeneza na hutumia moja kwa wakati. Kinga ikishaitambua, kizazi kinachofuata kinabadilisha. Aina hizi zinatofautiana kwa kitu zinachokishika. Nyingi hunata sehemu ambazo madhara yake ni madogo, na mtoto anaumwa homa ya kawaida. Mwaka 2013 watafiti waliotumia sampuli za watoto wa Tanzania walionyesha kuwa vimelea vya malaria kali huelekea kunata kwenye kipokezi kiitwacho EPCR. Kazi ya kipokezi hicho ni kuzuia damu isigande ovyo na kuufanya ukuta wa mshipa ubaki umebana. Kimelea kikikikalia, mshipa mdogo unapata mambo mawili kwa pamoja: unaziba na unavuja.

Kwa hiyo mtoto mwenye "wadudu arobaini" anayecheza nje na mwenye "wawili" asiyejitambua wanaweza kutofautiana si kwa wingi wa vimelea tu. Wanatofautiana kwa aina ya PfEMP1, kwa kinga waliyojijengea, na hata kwa damu waliyozaliwa nayo. Mwenye kurithi jeni moja ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja amekingwa sana dhidi ya malaria kali, kwa kiwango kinachokaribia asilimia 90. Mwenye jeni zote mbili, yaani mgonjwa wa selimundu, hali yake ni kinyume kabisa: malaria kidogo tu inaweza kumuangusha. Wenye kundi la damu O nao wana nafuu, kwa kuwa chembe zao hazijikusanyi kwa nguvu kuizunguka chembe iliyovamiwa.

Ubongo

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kuwa mtoto mwenye malaria ya ubongo hufa kwa sababu ubongo umekosa hewa mishipa ikiziba. Ni sehemu ya ukweli. Mwaka 2015 timu iliyofanya kazi Blantyre, Malawi, ikitumia mashine ya MRI ilitoa picha iliyo wazi zaidi: kati ya watoto waliofariki, asilimia 84 walikuwa na ubongo uliovimba sana, kati ya waliopona, asilimia 27. Mishipa inayovuja hujaza maji, damu iliyokwama hurundikana, na fuvu la mtoto mwenye miaka mitatu halina tena pa kutanukia. Ubongo unasukumwa chini, unabana shina linaloendesha upumuaji, na mtoto anaacha kupumua wakati mwingine huku vimelea vikiwa vinapungua kwa dawa. Wanaopona, uvimbe huanza kushuka ndani ya siku moja au mbili.

Wahudumu hupima fahamu za mtoto mdogo kwa alama za Blantyre, na kipimo chenyewe hakihitaji kifaa. Bonyeza kucha kwa kalamu au kandamiza kifua kwa kifundo cha kidole. Akiutafuta mkono wako ili autoe, alama 2. Akivuta mkono wake tu, 1. Asipofanya kitu, 0. Akilia kilio cha kawaida, 2, akigumia au kulia vibaya, 1, kimya, 0. Macho yakifuata uso wa mama, 1, yasipofuata, 0. Jumla ya 5 ni mtoto mwenye fahamu kamili. Mbili au chini yake ni kupoteza fahamu, na hapo kila saa ina thamani.

Degedege inahitaji maneno yake. Degedege nyingi za homa huisha zenyewe ndani ya dakika chache, na hilo ndilo lililowapa sifa waganga wanaofukiza na kuchanja chale: alipofukizwa, ilikoma. Ingekoma hata asingefukizwa. Jambo la kuangalia ni kinachofuata. Mtoto wa homa ya kawaida huamka ndani ya nusu saa au saa, akamjua mama, akataka kunyonya. Asiyeamka baada ya saa moja, au anayerudiwa na degedege zaidi ya mbili kwa siku, achukuliwe kuwa na malaria kali hadi ithibitike vinginevyo. Ipo pia degedege ya siri: mwili umetulia, ila jicho linacheza upande, kidole gumba kinatikisika, mate yanatoka, pumzi inakatika na kurudi. Ndugu walio kando ya kitanda husema amelala. Hajalala.

Wakati wa degedege mlaze mtoto kwa ubavu, legeza nguo, na usiweke kijiko wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote. Anza safari.

Hata hivyo, kukutwa na vimelea hakumaanishi kuwa vimelea ndivyo vilivyomlaza. Uchunguzi wa maiti uliofanyika Blantyre na kuchapishwa mwaka 2004 uligundua kuwa karibu robo ya watoto waliohesabiwa wamekufa kwa malaria ya ubongo walikufa kwa kitu kingine. Kipimo cha mRDT husoma protini inayoweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa hiyo mtoto aliyetibiwa mwezi uliopita anaweza kuonyesha mistari miwili huku anachougua sasa ni homa ya uti wa mgongo. Daktari mwenye kifaa cha kuchungulia nyuma ya jicho ana faida kubwa, maana mishipa ya retina ni ndugu wa mishipa ya ubongo: madoa meupe na damu iliyovuja huko husema kwa uhakika zaidi kuliko slaidi.

Pumzi nzito na sukari iliyokwisha

Hii ndiyo sehemu inayoua wengi na inayotambuliwa na wachache. Tishu zisizofikiwa na damu vizuri hutengeneza asidi ya laktiki, na vimelea vyenyewe huiongeza, kwa kuwa chembe iliyovamiwa hutumia sukari mara nyingi zaidi ya chembe nzima. Damu inakuwa chachu. Mwili unajaribu kuitoa asidi kwa kupumua, na mtoto anavuta pumzi ndefu na nzito, mbavu zinaingia, pua zinapanuka. Anayemwona husema nimonia. Ila ukiweka sikio kifuani, mapafu ni safi. Laktiki ikifika milimoli 5 kwa lita au zaidi, uwezekano wa kufa unapanda sana kuliko idadi yoyote ya wadudu inavyoweza kutabiri.

Sukari nayo inashuka, na kwa mtoto sababu zimerundikana: ini lake lina akiba ndogo, vimelea vinakula, na yeye mwenyewe hajala tangu jana asubuhi alipokataa uji wa uwele. Chini ya milimoli 2.2 kwa lita ni hatari kwa umri wowote. Kwa walio chini ya miaka mitano wahudumu huanza kutibu wakiona chini ya 3. Mtoto anayelegea na kupoteza fahamu kwa njaa ya sukari anafanana kabisa na mwenye malaria ya ubongo, na mara nyingi ana vyote viwili.

Kwa mtoto anayeweza kumeza, kabla ya kupanda bodaboda au gari apewe maziwa ya mama, au mililita 30 hadi 50 za maji ya sukari: vijiko vinne vya chai vilivyosawazishwa, kama gramu 20, kwenye kikombe cha mililita 200 cha maji safi. Asiyeweza kumeza, kijiko kimoja cha chai cha sukari iliyoloweshwa kidogo huwekwa chini ya ulimi na kurudiwa kila dakika 10 hadi 20. Kituoni hupewa dekstrosi (sukari ya kuchoma mshipani) ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo. Palipo na ya asilimia 50 peke yake, sehemu moja huchanganywa na sehemu nne za maji ya sindano. Kwa mtoto wa kilo 10 ni mililita 10 na mililita 40. Kuisukuma ya asilimia 50 moja kwa moja kwenye mshipa mdogo wa mtoto ni kuuchoma. Kisha sukari hupimwa tena kila baada ya saa 4 kwa asiyejitambua, maana hushuka upya.

Damu kuisha

Upungufu mkali wa damu huja taratibu zaidi na huwapata hasa wenye chini ya miaka miwili wanaoishi penye mbu wengi. Himoglobini ikishuka chini ya gramu 5 kwa desilita, ni malaria kali hata kama mtoto amekaa na anaongea. Wengi hudhani damu imeliwa na vimelea. Ukweli ni kwamba kwa kila chembe iliyopasuliwa na kimelea, chembe kadhaa nzima huondolewa na bandama iliyochangamka kupita kiasi, na uboho wa mifupa unaopaswa kutengeneza mpya umezimwa na weusi wa mabaki ya himoglobini. Kwa hiyo mtoto anaweza kuwa mweupe kama karatasi huku slaidi ikiwa na wadudu wachache mno.

Damu huongezwa kwa kila mwenye himoglobini ya 4 au chini yake. Kati ya 4 na 6 huongezwa kwa mwenye pumzi nzito, mshtuko au kupungua kwa fahamu. Kiasi cha kawaida ni mililita 20 za damu kamili kwa kilo, kwa saa 3 hadi 4. Weupe unaangaliwa kwenye viganja na ndani ya kope la chini, na mzazi anaweza kulinganisha kiganja cha mtoto na cha kwake.

Dodoma si salama kwa sababu ni kavu

Wakazi wa kati hujivunia kuwa malaria ni ya Kigoma, Tabora, Kagera na Mtwara, na takwimu za kitaifa zinawaunga mkono: Dodoma imo kwenye mikoa yenye maambukizi ya chini nchini. Mvua ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Lakini uchache huo una upande wake wa pili. Mtoto wa Kigoma akifikisha miaka mitano ameshaumwa mara kadhaa, na kinga inayozuia malaria isiwe kali ni ya kwanza kujengeka. Mtoto wa Nkuhungu au Kizota anaweza kufika darasa la tatu hajawahi kuumwa hata mara moja. Akipata, anapata kama mgeni. Ndiyo maana penye maambukizi machache au ya msimu malaria kali huwafikia watoto wakubwa zaidi, na huja zaidi kwa sura ya kupoteza fahamu kuliko ya kuishiwa damu.

Na mbu wapo. Anopheles arabiensis anapenda maji ya jua yaliyotuama: madimbwi ya njia ya ng'ombe, mashimo ya matofali, majaruba ya mpunga ya Bahi, kingo za mabwawa ya Hombolo na Mtera. Kimelea kinahitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa ndani ya mbu, kisha wiki moja hadi mbili ndani ya mtoto, kwa hiyo homa hupanda mvua ikishapungua, watu wakiwa wameshaacha kufikiria mbu. Upo na mlango mwingine, wa safari. Mtoto aliyekwenda kwa bibi Uvinza au Urambo likizo ya Desemba hurudi shule ifunguliwe, na homa inaanza Januari, Dodoma, mahali ambapo mhudumu ana haki ya kufikiria maambukizi ya mkojo au mafua kwanza. Swali la "amesafiri wapi mwezi uliopita?" lina uzito sawa na kipimajoto, na linasahaulika zaidi.

Sindano inayowahi vichanga

Kwinini ilitumika kwa muda mrefu, na ilikuwa na kasoro moja: inaua vimelea vilivyokomaa, vile vilivyokwisha kunata. Vichanga vinavyozunguka vinaipita na kwenda kunata kesho. Artesunate inaua pia vichanga, kabla havijafika ukutani. Tofauti hiyo ilipimwa kwenye jaribio la AQUAMAT lililochapishwa mwaka 2010, watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Tanzania ikiwemo: waliofariki kwa kwinini walikuwa asilimia 10.9, kwa artesunate 8.5.

Dozi ni miligramu 3 kwa kilo kwa mtoto chini ya kilo 20, na miligramu 2.4 kwa kilo kuanzia 20 kwenda juu, saa ya 0, ya 12 na ya 24, kisha mara moja kwa siku. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, hutikiswa dakika 2 hadi 3 mpaka maji yawe angavu, kisha huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kwa sindano ya mshipa, au mililita 2 kwa sindano ya msuli. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 30: mililita 3 mshipani, au 1.5 msulini. Makosa yanajirudia palepale: kuruka baikaboneti, kuchanganya kwa maji ya sindano, kuitumia ikiwa na ukungu, kuihifadhi zaidi ya saa moja kwa ajili ya dozi ijayo, na kumpa mtoto mdogo dozi ya mtu mzima kwa kilo, ambayo kwake ni ndogo.

Zahanati isiyoweza kulaza inampa dozi ya kwanza na kumpa rufaa. Pasipo na sindano, kwa mtoto chini ya miaka sita, artesunate ya kuweka njia ya haja kubwa, miligramu 10 kwa kilo: kidonge kimoja cha miligramu 100 hadi kilo 10, viwili hadi kilo 20. Kikitoka ndani ya nusu saa, kinawekwa kingine na makalio yanabanwa kwa dakika chache. Dozi hiyo ni ya njiani. Mzazi anayeona mtoto amefumbua macho na kugeuza safari ya kwenda hospitali ya Mvumi au ya mkoa amerudi nyumbani na ugonjwa uleule ukiwa umepunguzwa kasi tu.

Neno kuhusu dripu, kwa kuwa ndugu wengi huiomba kama ishara kuwa mtoto anatibiwa. Jaribio la FEAST lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 lilishangaza madaktari wenyewe: watoto wenye homa kali waliomiminiwa maji ya haraka walikufa zaidi, asilimia 10.5 dhidi ya 7.3 kwa wasiomiminiwa. Uchambuzi wa baadaye ulionyesha kuwa vifo hivyo vya ziada vilitokana zaidi na mzunguko wa damu kushindwa. Muuguzi anayeweka matone ya polepole hajazembea. Antibiotiki, kwa upande wake, inapoongezwa si kubahatisha: utumbo uliojaa chembe zilizonata hupitisha bakteria, na malaria kali na bakteria kwenye damu hukaa pamoja mara nyingi mno kuweza kupuuzwa.

Mtoto akishaweza kumeza, na akiwa amepata angalau sindano tatu, anamalizia dawa mseto ya kumeza ya ALu ya siku tatu, akila au kunywa maziwa ili dawa inyonywe vizuri. Wapo wanaoruhusiwa baada ya sindano wakionekana wazima, mseto ukabaki dirishani, na vimelea vichache vilivyosalia vikaanza upya ile hesabu ya mara kumi.

Baada ya hapo yabaki mambo mawili ya kufuatilia. Uchunguzi uliofanyika Uganda ulikuta karibu robo ya waliopona malaria ya ubongo wakiwa bado nyuma kiakili miaka miwili baadaye. Mwalimu akisema mtoto amebadilika, hasikilizi, hakumbuki, apelekwe hospitali na historia yake isimuliwe. La pili ni damu. Artesunate humuua kimelea, na bandama humnyofoa kutoka kwenye chembe nyekundu na kuirudisha chembe kwenye mzunguko. Chembe hizo zilizowahi kukaliwa hudumu muda mfupi kisha huvunjika kwa pamoja, kati ya siku ya 7 na ya 28, hasa kwa aliyekuwa na vimelea vingi sana. Mtoto aliyeruhusiwa akiwa mzima huanza tena kuchoka, macho ya njano, mkojo wa rangi ya kokakola. Kumpa mseto mwingine hakusaidii, kwa kuwa malaria haijarudi. Anahitaji himoglobini ipimwe siku hiyohiyo, na kituo kijue tarehe aliyochomwa sindano ya mwisho. Iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki kabla hajatoka wodini.